Binti Anataka Kusoma Uuguzi: Maandalizi ni Deni la Nani?





Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa msikiti huu alinishika mkono akalalamika. Mke wa mwanawe alijifungua katika kituo cha afya, na aliyempokea mtoto alikuwa mwanamume. "Imamu," akasema, "hakuna mwanamke wa kufanya kazi hii?" Nikamwuliza habari za binti yake wa tatu, ambaye mwaka jana aliomba kusoma uuguzi. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba nyumbani kazi ni nyingi.

Sikumcheka, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Sisi wanaume tunataka wake zetu wapokelewe na mwanamke aliyesoma, mwenye kujua kazi na mwenye kujua stara. Lakini mwanamke huyo tunataka atoke katika nyumba ya jirani. Binti yetu sisi abaki achote maji.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, aliuhesabu utabibu kuwa faradhi kifaya katika kitabu chake cha Ihya. Alilalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu, na huku watu wanasongamana kusoma fikihi na mabishano yake. Mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani, biolojia sikuisoma hata siku moja, na maneno hayo yananigusa mimi kwanza. Faradhi kifaya wakiitimiza baadhi inatosha; asipopatikana wa kuitimiza, dhambi inatugawanyikia sote. Basi binti anayesoma uuguzi anatulipia deni letu. Na Rufayda wa kabila la Aslam, aliyewatibu majeruhi zama za Mtume (S.A.W.), hema lake lilikuwa ndani ya msikiti wa Madina. Humo alilazwa Saad bin Muadh baada ya vita vya Handaki. Msikiti ulimpa mahali.

Wako wanaosema: Mungu ndiye mpaji, mtoto aanze tu, mengine yatakuja. Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Miaka iliyopita alikuja kwangu kijana kuombewa dua, siku moja kabla ya kwenda kujiandikisha. Nilimwombea vizuri, nikamwambia atawakali. Swali sikumwuliza hata moja. Alikuwa amesomea ualimu, kemia aliijua kwa jina, na fedha alikuwa nayo ya sehemu ya kwanza ya minervali tu. Kabla ya mwaka kwisha alirudi nyumbani, na pikipiki ya baba yake ilikuwa imekwisha kuuzwa. Dua haikuwa na kosa. Kosa ni kunyamaza kwangu. Yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Watoto wa chuo wanaijua habari hiyo. Mimi siku ile nilimfundisha kijana kutegemea, kamba sikumwonyesha.

Kamba ya kwanza ni kuujua mlango. Anayetaka kuwa muuguzi wa A2 huingia ITM angali mwanafunzi wa sekondari, baada ya miaka ile ya mwanzo, akasoma humo miaka 4. Anayetaka A1 huenda ISTM, na huko hapokelewi bila diploma ya Serikali. Wazazi wengi huvichanganya vitu hivi viwili, wakashtuka binti amekwisha kupelekwa katika ushonaji au biashara. Aliyesoma sehemu nyingine mlango haujafungwa kwake, lakini ile miezi ya kungoja asiipoteze: atafute mwalimu wa biolojia na kemia. Tena ulizeni kama shule inatambuliwa na Serikali. Tangu 2016 nchi yetu ina sheria ya Baraza la Wauguzi, na karatasi ya shule isiyotambuliwa haitamfikisha huko. Fedha nayo si minervali peke yake. Kuna bluzi nyeupe, mashine ya kupima presha, fotokopi, nauli ya kwenda staji. Likelemba ianze mwaka mmoja mbele, si wiki ile ya kuandikisha.

Hayo ni mepesi. Mazito yako nyumbani.

Salman (R.A.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha, kwa kuwa mume alishinda akifunga na kukesha akiswali. Akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, ampe kila mmoja haki yake. Mtume (S.A.W.) akamsadiki Salman. Sisi huwasomea habari hii wenye kuzidisha ibada. Leo nawasomea wenye kuzidisha kazi juu ya mgongo wa mwingine. Binti anashinda darasani, jioni anapika, anafua nguo za kaka zake, kisha anakwenda zamu ya usiku ya staji. Hapo tumekula haki ya mwili wake. Na hatukuishia kwake. Muuguzi asiyelala hukosea kipimo cha dawa. Uchovu tuliompa jikoni kwetu utalipwa na mgonjwa aliyelala kitandani, asiyetujua wala hakula chakula chetu.

Mume naye husema: nimemruhusu. Ruhusa ni neno jepesi, ndugu yangu. Nani atambeba mtoto mama akiwa zamu? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Na kaka anayekaa kwenye kona hadi saa nne usiku akizungumza mpira, anaweza kumsindikiza dada yake hospitalini.

Naye anayesoma asijidanganye kwamba atahudhuria kila harusi na kila matanga, auze sokoni, na masomo yaende. Wanawake wa jumuiya walinikasirikia nilipomruhusu mwalimu mmoja wa madrasa aliache darasa lake la Jumapili mpaka amalize masomo ya uuguzi. Walisema imamu anaitanguliza dunia. Bado naona nilisema sawa. Watoto wale walipata mwalimu mwingine. Wodi ya akina mama haikuwa na mwingine.

Yule mzee alirudi Jumatano. Aliuliza ITM wanaandikisha lini. Nikamjibu, kisha nikamwuliza: maji atachota nani? Akasema ana wavulana wawili, ataongea nao.