Nani Atashika Fa?

Chukua "Amazing Grace". Maneno yake ni ya John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa, na yalichapwa Uingereza mwaka 1779. Sauti tunayoijua leo iliunganishwa nayo Marekani mwaka 1835 na William Walker, Newton akiwa amekufa miaka 28 iliyopita. Wewe uliyepita kwaya, jaribu kuuimba polepole kwa solfa. Utakuta so, la, do, re, mi, halafu so ya juu. Basi. Fa haimo, ti haimo.

Kwa mwimbaji hilo si neno. Shida inaanza pale mtu anapoupanga upigwe na wanaojifunza kengele za mkono, kengele zile zinazopendwa sana makanisani Marekani. Kila mpigaji anashika mbili, moja kila mkono, na kila kengele ina sauti moja tu. Hakuna mwenye wimbo. Kila mtu ana kijipande chake. Kwa sauti sita, watu watatu wanatosha kuumaliza. Lakini seti ya oktava mbili ina kengele 25. Sasa aliyepewa fa afanye nini, asimame tu ameishika?

Kwenye marimba za shule za mfumo wa Carl Orff na Gunild Keetman jibu ni rahisi, vipande vinatoka. Mwalimu anaondoa fa na ti, mtoto anagonga anachotaka na hakuna mlio unaokwaruza masikio. Wapo wanaoona huko ni kumdanganya mtoto. Mimi naona ni kama kumshikia baiskeli anapojifunza. Ila kipande cha mbao hakiumii kikiwekwa pembeni. Mwenye fa ni mtu, amepanda basi kuja mazoezini.

Unaweza kusema wimbo ndio wimbo, avumilie. Sisi wa magazeti tunaijua lugha hiyo: mtu anahojiwa nusu saa, kesho yake anapata mstari mmoja, au hapati kabisa, na tunamwambia eti nafasi ilikuwa finyu. Au unaweza kumhurumia, umtupie milio miwili mitatu popote. Hii ya pili naiogopa zaidi. Mtu akipewa kazi isiyohitajika anajua. Noti huenda hazijui vizuri, lakini masikio anayo.

Kuna njia nyingine, na inataka mpangaji atoe jasho. Wimbo unapotua kwenye do, chini yake unaweza kuweka do-mi-so, kila mtu anaitegemea. Lakini do hiyohiyo inakaa vizuri pia juu ya fa-la-do. Ukichagua hiyo, ghafla fa ndiyo inayobeba. Ipo pia ile "Amina" ya zamani ya mwisho wa tenzi: fa-la-do inashukia do-mi-so, la inaingia so, fa inaingia mi, do inabaki palepale. Toa fa hapo uone. Inabaki Amina isiyo na sakafu.

Utaniambia, bwana, umebadilisha wimbo kwa ajili ya mtu mmoja. Ndiyo, nimebadilisha. Kwani Walker alimwomba Newton ruhusa? Ninachokataa ni kubadilisha kunakomfanya huyo mtu awe pambo. Nikimwandikia fa, iwe pale ambapo asipokuja Jumapili, hata bibi wa benchi la nyuma atainua kichwa.

Mwenye so ya juu simwonei huruma. Anangoja mpaka mwisho wa mstari wa pili, lakini akifika, wimbo wote unapanda kwake.

Anayenisumbua ni mwenye ti. Kabla ya do ya mwisho kuna so-ti-re, na hapo hana wa kumbadili. Ila ni mlio mmoja, ubeti mzima, halafu anaizima kengele begani na kungoja tena. Sijaamua kama unatosha.