Kwangu Inafanya

Kuna jibu ambalo waandishi wa programu hulipenda sana: "Lakini kwangu inafanya." Mara nyingi ni kweli tupu, na hapo ndipo linanisumbua. Je, mtu anaweza kusema kweli na bado awe amevunja ahadi?

Chukua Ubuntu, mwaka 2006. Skripti nyingi za kujenga programu huanza na mstari #!/bin/sh. Hiyo ni ahadi: sheli yoyote inayofuata kanuni za POSIX itanielewa. Lakini kwenye mashine nyingi za Linux, sh ilikuwa Bash iliyovaa jina lingine, na Bash hukubali mambo mengi ambayo kanuni hazikuyataja. Basi watu wakaandika Kibash, wakakiita sh. Toleo la 6.10 likaifanya sh kuwa Dash, sheli nyepesi, ili kompyuta iwake haraka. Skripti zikaanza kukwama.

Zilizokwama kwa kelele zilikuwa afadhali. Shida ni zile za kimya. Ukilinganisha maneno mawili, POSIX inataka = moja; Bash inakubali pia ==. Dash ikikutana na == ndani ya test, inanung'unika mstari mmoja, sharti linahesabiwa halijatimia, na mara nyingi skripti inaendelea tu. Programu inajengwa ikiwa imeacha kipande nje, na aliyeijenga hana habari.

Unaweza kuilaumu Ubuntu. Ilijua watu wamezoea Bash, na walioumia wengi hawakuwa wameandika hata mstari mmoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mazoea hayageuzi ahadi. Sheng si kosa, bana. Ila ukibandika tangazo la Sheng ya Dandora na juu yake uandike "Kwa Wakenya wote", mzee wa Wajir asipoelewa, usimlaumu yeye.

Mashine yako ni shahidi mbaya. Imekuzoea, inakusamehe, na msamaha wake unauchukua kama ushahidi kwamba uko sawa. Anayejua ukweli ni mgeni mwenye mashine tofauti, na yeye hukumuuliza.

Hakuna anayekukataza kutumia Bash. Sema tu: #!/bin/bash. Ni herufi mbili za ziada. Asiye nayo atakataliwa mlangoni waziwazi, badala ya kupewa programu nusu na kuambiwa ni nzima.