Mchicha Wangu na Ndoo ya Jirani

Mwisho wa Februari hapa Dar es Salaam hata kuku hutafuta kivuli mapema. Upepo wa kaskazi umepungua nguvu, masika bado hayajaingia, na ikishafika saa nne asubuhi huna la kufanya bustanini zaidi ya kusimama mlangoni na kutazama. Majani ya mchicha yanalegea na kuinama kama watu walioko msibani. Jioni jua likishuka yanainuka tena, na ukiwa mgeni wa kilimo utadhani kuna mtu ameyaombea dua.

Nina matuta manne nyuma ya nyumba ninayopanga. Mawili ya mchicha, moja la matembele, na moja ambalo bamia na nyanya chungu wanabanana kama abiria wa daladala. Nyanya za kawaida nilishazikatia tamaa tangu Januari. Usiku ukiwa na joto kama letu hili, mnyanya unatoa maua vizuri tu halafu unayaangusha, na unabaki na mti wa kupigia picha.

Kazi yangu ni uandishi wa habari. Siku nzima nashughulika na mambo ambayo hayaishi: kesi inaahirishwa, mradi unasogezwa mbele, kiongozi anaahidi kulifanyia kazi. Mchicha haufanyi hivyo. Unamwaga mbegu, na wiki tatu au nne baadaye unakula. Ndiyo maana naupenda, na ndiyo maana kila mwisho wa wiki nilikuwa naupiga picha na kuitupia mtandaoni, nasubiri watu waniambie “hongera”.

Ninachotaka kukisimulia leo hakistahili hongera.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka mto Ruvu. Mvua za vuli zikiwa haba, mto unashuka, na mabomba yanaanza kwenda kwa mgao. Mtaani kwetu kipindi hicho maji yalitoka mara moja kwa wiki, usiku wa manane. Mwenye tangi anajaza tangi. Asiye na tangi anajaza alivyonavyo: ndoo, madumu, masufuria, mpaka beseni la kufulia.

Mimi nina tangi la lita 1,000. Sasa naomba tupige hesabu kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu mimi mwenyewe niliipiga nikiwa nimeshachelewa. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa joto la kiangazi mboga zinataka kama milimita 5 kwa siku. Matuta yangu yote kwa pamoja ni mita 12 za mraba. Kwa hiyo ni lita 60 kila siku, yaani ndoo kubwa tatu. Kwa wiki, lita 420 za tangi langu zilikuwa zinaingia ardhini.

Jirani yangu wa upande wa pili wa michongoma ni mama mtu mzima anayelea wajukuu watatu. Hana tangi. Alhamisi moja jioni alimtuma mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa, akaja na ndoo kichwani.

“Shikamoo. Bibi anasema kama una maji umsaidie ndoo moja, atakurudishia.”

Tangi lilikuwa nusu. Nikamjibu: “Mwambie bibi hata kwangu yamekata, mwanangu.”

Mtoto akasema “haya”, akageuza ndoo yake na kuelekea barabarani kutafuta kwingine. Mimi nikasubiri giza liingie, kisha nikachukua keni nikamwagilia. Naomba usilipite hilo neno. Nilisubiri.

Asubuhi bibi mwenyewe alipita njiani akienda kuwahi mkokoteni wa maji. Michongoma yenyewe ilikuwa imekonda kwa jua, unaona mpaka ndani. Udongo wa mtaa mzima ulikuwa mweupe kama unga, ila matuta yangu manne yalikuwa meusi, yamelowa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mchicha wako umependeza.”

Akapita zake. Hakusimama wala kunikazia macho. Mtu wa pwani akitaka kukuachia jambo hakutukani, anakusifia.

Tangu siku ile nimejitetea sana, na nataka niuweke utetezi wangu hapa mezani bila kuudhoofisha, maana si wa kijinga.

Utetezi wa kwanza: maji yalikuwa yangu. Bili nalipa mimi, tangi nilinunua mimi, na usiku wa manane aliyekesha kusikilizia bomba ni mimi. Utetezi huu una wazee wake. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alisema maji yanayobubujika kwenye chemchemi ni ya wote, lakini yaliyomo kwenye mtungi ni ya yule aliyeyateka. Kazi ya mikono yake ndiyo imeyafanya yawe yake. Na katika Uislamu, pamoja na mafundisho mashuhuri kwamba watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto, wanazuoni walitenganisha maji ya mtoni na yale ambayo mtu ameshayaweka chomboni mwake. Ya chomboni yana mwenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza tangi lile ni la nani, sina wasiwasi. Ni langu.

Utetezi wa pili: uhaba ule sikuusababisha mimi. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Sawa, lakini haki hiyo anadaiwa nani? Inadaiwa serikali na wale waliopewa kazi ya kusambaza maji. Haiwezekani mzigo wa mabomba ya jiji zima utuliwe mgongoni mwa mpangaji mmoja aliyejinyima akanunua tangi.

Utetezi wa tatu ndio niliouamini zaidi: ndoo moja haiwi moja. Leo kaja wa bibi, kesho mtaa mzima umejua kwamba kwa fulani kuna maji. Na mimea yenyewe niliipanda mimi, inanitegemea mimi. Ukishaotesha kitu umekubali kukitunza.

Basi nikajiuliza: kama utetezi ni mzuri kiasi hiki, kwa nini sikuusema? Kwa nini sikumwambia yule mtoto, “Maji yapo, lakini namwagilia mboga”? Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa sauti, mbele ya mtoto mwenye ndoo tupu kichwani. Mimi nilijaribu baadaye nikiwa peke yangu jikoni. Haikutoka vizuri.

Najua kuficha si ushahidi wa hatia kila wakati. Tunaficha pesa kwa kuogopa mwizi, tunaficha sadaka kwa kuogopa kujionyesha. Lakini mimi sikumwogopa bibi kwamba ataniibia. Nilichoogopa ni kwamba atanielewa. Angejua kuwa nimeweka kwenye mizani mchicha upande mmoja na sufuria yake upande mwingine, na mchicha ukashinda.

Hapo ndipo niliona kosa la Locke wangu, au niseme kosa langu katika kumtumia. Umiliki unajibu swali moja: nani ana ruhusa ya kuchukua bila kuomba? Bibi hakuchukua, aliomba. Swali la nifanye nini nikiombwa ni swali jingine kabisa, na hati ya umiliki haina jibu lake. Kinachoweza kulijibu ni kulinganisha mahitaji. Mchicha ukikosa maji siku moja unalegea, jioni unajaribu kuinuka. Ukifa kabisa, mbegu za bei ndogo zinarudisha kila kitu ndani ya mwezi. Mtoto anayelala bila kuoga, uji usiopikwa asubuhi, bibi wa umri ule kusimama juani kugombea mkokoteni: hakuna pakiti ya mbegu inayorudisha hayo.

Tena hesabu ilinisuta zaidi. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia wakati wa maafa, vinataka kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Nyumba ya bibi ina watu wanne. Nne mara kumi na tano ni sitini. Lita zilezile nilizokuwa nawapa mboga kila siku.

Kuhusu ule woga wa ndoo moja kuwa kumi, sijaupuuza. Kweli, huenda wangekuja wengine, na kweli, tangi halijazi mtaa. Lakini kwa woga huo kuna jibu la kweli ambalo sikulitumia: “Chukua ndoo moja, zaidi sitaweza.” Hata kukataa kabisa kuna namna yake ya heshima. Ukimwambia mtu “sikupi”, umemwachia nafasi. Anaweza kukubembeleza, anaweza kukulaumu, anaweza kukuuliza “kwani nyie mnamaliza tangi zima?” Ukimwambia “hakuna”, umeifunga mazungumzo kabla hayajaanza. Nadhani hilo ndilo baya zaidi kuliko kumnyima maji. Nilimnyima nafasi ya kunishawishi, kwa sababu nilijua angenishawishi.

Wasomaji wa Shaaban Robert wanamkumbuka Utubora. Katika *Utubora Mkulima*, riwaya iliyochapishwa 1968 baada ya kifo cha mwandishi, Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kurudi Busutamu kulima. Wengi wetu wa mjini tumeibeba taswira hiyo bila kujua. Tunaamini mikono ikishashika udongo, moyo nao unatakata wenyewe. Mwenye bustani ni mtu mzuri, si unaona mchicha wake? Mimi nilikuwa nimesahau kwamba jina la Utubora linaanza na utu, si na mboga. Bustani haikunifanya mwema wala mbaya. Ilinipa kitu cha kupenda, na kitu unachokipenda ndicho kinachokufundisha uchoyo haraka zaidi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nilikuwa nikidhani methali ile inawasifu maskini wakarimu tu. Kumbe inatusema pia sisi wenye matangi.

Jumamosi nilifanya kitu ambacho mwenye hatia hukifanya mara nyingi: nikapeleka zawadi badala ya ukweli. Nilichuma mchicha fungu kubwa, nikapita upande wa pili wa michongoma. Bibi alikuwa kibarazani. Akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama mizizi.

“Asante, mwanangu. Sasa nitauoshea nini?”

Sikuona kejeli usoni mwake. Lilikuwa swali la mpishi, na mchicha una mchanga.

Nikarudi nyumbani nikajaza ndoo. Nilipoitua kibarazani kwake nikasema, “Mama, juzi maji yalikuwepo.”

“Najua,” akasema. Akamwita mjukuu alete sufuria.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo nikawa mtu mwingine. Hapana. Nilichofanya ni kupunguza. Tuta moja la mchicha na lile la bamia niliyaacha. Mchicha ulikauka mapema, bamia wakang'ang'ania kidogo, nikawatazama wakifa huku nikiwaonea huruma kweli. Mawili yaliyobaki niliyafunika kwa matandazo ya nyasi kavu na kuyapa maji yaliyooshea mboga na mchele. Ndoo moja ya kila siku ikawa inavuka michongoma. Siku nyingine niliitoa kwa moyo mweupe, siku nyingine nilikuwa nahesabu. Picha za mtandaoni nilisimamisha, maana sikujua niandike nini chini yake.

Na swali la serikali na mabomba bado lipo palepale. Ndoo yangu haikulijibu, na sitaki mtu asome makala hii akadhani ujirani mwema ni mbadala wa maji ya bomba. Bibi alistahili bomba linalotoa maji. Ila Alhamisi ile jioni hakuwa mbele ya bomba. Alikuwa, kupitia kwa mjukuu wake, mbele yangu.

Mvua ilianza Machi, usiku, kwa kishindo cha mabati. Asubuhi udongo wa mtaa mzima ulikuwa mweusi, huwezi tena kujua nani alimwagilia na nani hakumwagilia. Nikiwa bado nasafisha mfereji uani, mtoto akatokea na ndoo kichwani, safari hii imejaa maji waliyokinga kutoka batini, yanamwagika begani kwake.

“Shikamoo. Bibi anasema hii ndoo yako, ile ya kwanza.”

Tangi langu lilikuwa limejaa hadi linafurika. Nilitaka kumwambia airudishe tu, maji ninayo. Nikajizuia. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaimimina kwenye tangi yeye akiwa anatazama. Bibi aliahidi kurudisha. Kukataa kungekuwa kumnyima mara ya pili.