Nani Afutwe Katika Walima?

Mvua zikatikapo Kitui na Makueni, ndugu zetu wa huko hulazimika kupunguza waalikwa wa arusi. Twasema: na wapunguze, wala wasione haya. Wingi wa watu si nguzo ya ndoa. Julai 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya iliweka mpaka wa watu 100 arusini, na ndoa zilisihi. Na Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Lakini tutazame ni nani tumfutaye. Mtume ametuonya na walima wanaoitwa matajiri wakaachwa mafakiri. Basi kalamu na ianze kwa wakubwa tuwaalikao kwa kujionyesha. Jirani maskini abaki. Nasi watu wa pwani yatuhusu haya. Wabillahi tawfiq.