Ujira wa Mwalimu wa Chuo

Yako maneno yaliyoenea katika miji yetu, kwamba mwalimu wa chuo akitaka ujira maalumu basi ameuza ilimu. Maneno haya yataka kupimwa.

Ni kweli kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amemuusia mwalimu asitafute malipo kwa ilimu yake. Lakini wasia huo kaambiwa mwalimu; baba wa mtoto hakupewa uwe hoja ya kumnyima. Na madhehebu yetu ya Imamu Shafii yaruhusu ujira wa kusomesha Kurani.

Ilimu haina bei. Kinacholipwa ni saa za mwalimu, ambazo angelizitumia kuwatafutia wanawe riziki. Fundi wa mashua hupatana na mwenyewe kabla hajashika msumeno. Mbona mwenye kulea akili za watoto angojeshwa sadaka? Tangu mwaka 1967 walimu wa skuli za Serikali wana Tume ya kuwaajiri. Wa chuo ana nani ila wazee wa mtaa?

Enyi wazee, mwekeeni ujira unaojulikana, kisha mtakeni kazi iliyo sawa. Asiyelipwa ni vigumu kuulizwa, na apataye hasara ni mtoto.