Kutazama Moto wa Jirani

Wazee wetu husema macho hayana pazia. Maana yake, jicho likikuta kitu haliombi ruhusa, linatazama tu. Msemo ni wa kweli. Lakini sisi tunaofundisha watoto tunajiuliza: je, kila kinachoonekana ni haki kukitazama kwa furaha, hata kama kimeua watu?

Swali hili hatukulipata katika vitabu. Lilitupata Goma, mwaka 2016. Tulitoka Kisangani kwa ndege kumtembelea mwenzetu tuliyesoma naye ISP, na yeye akatushauri tupande Nyiragongo. Tukakubali haraka, maana sisi ni watu wa mto na msitu, volkano tunaichora ubaoni tu.

Safari inaanzia Kibati, kaskazini ya mji. Asubuhi walinzi wa Hifadhi ya Virunga walituhesabu na kutupa masharti: mtu asimpite kiongozi, asibaki nyuma, asitoke njiani. Mlinzi mmoja alitangulia na bunduki yake, mwingine akafunga msafara. Vijana wa pale walibeba mizigo. Kwanza ni msitu, kisha ni mawe meusi yanayokimbia chini ya kiatu: hiyo ni lava ya mwaka 2002. Tulipita pia karibu na ufa uliofunguka mwaka ule, bado unatoa mvuke. Tulipanda kama saa tano. Mlima una mita 3 470, na baridi ya kule hatukuwa tunaijua. Kwa hiyo tulilala juu katika vibanda vidogo, ili tushuke kesho yake.

Usiku tuliinama kwenye ukingo. Chini kabisa, ziwa la moto lilikuwa linachemka, linapasuka na kujifunga tena, kwa sauti kama ya mto wetu pale Wagenia maji yakiwa mengi. Mmoja wetu akapiga makofi. Hatukumkataza. Hata sisi mikono ilikuwa inatuwasha.

Tuliporudi mjini, mama mzazi wa mwenzetu alituletea chakula, akauliza: "Ba prof, mulimuona?" Tukasema ndiyo, tukaanza kusifu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ule njo mwenye alichoma nyumba yangu. Na ninyi mulilipa makuta juu ya kwenda kumusalimia." Hakusema kwa hasira. Akatoka kuchukua maji ya kunawa.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya Goma mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, na zaidi ya 100 000 walibaki bila nyumba. Baadaye walirudi, wakavunja mawe yaleyale ya moto, wakajenga nayo. Ukuta tulioegemea siku ile tukila ulikuwa wa mawe hayo.

Mtu atasema: volkano haina nia mbaya, na kuitazama hakumwongezei mama yule hasara. Tena pesa za wageni zinalisha mlinzi, mbeba mizigo na watoto wao. Ni kweli, na hatuwezi kulidharau jambo hilo. Lakini tukifikiri vizuri, mama hakutulaumu kwa kupanda. Makofi yetu hakuyasikia kule juu. Aliyasikia katika sifa zetu. Tulikuwa tumelala kwake siku mbili kabla ya kupanda, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mama, mwaka 2002 ulikimbilia wapi?

Sisi wa Kisangani tungepaswa kuelewa kuliko wengine. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mji wetu siku sita. Mamia ya raia walikufa, mabomu yakaanguka juu ya nyumba zao. Baadaye wageni walikuja na mashine za picha. Wengine walipiga picha ya tundu ukutani, wakaenda. Wengine walikaa kwanza kwenye kiti, wakauliza ni nani alikuwa analala katika chumba kile. Picha yenyewe pengine ilikuwa moja. Lakini tofauti ya watu wale tunaikumbuka mpaka leo.

Mila za sehemu zile za volkano zina fundisho hapa. Katika imani ya zamani ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na kandokando yake, inasimuliwa kwamba wafu waliopokelewa katika dini ile walikwenda kukaa naye juu ya Karisimbi, na wengine walitupwa katika moto wa Nyiragongo. Si lazima tuamini hivyo ili tufundishike. Kwa wenyeji mlima haukuwa kitu cha kutazama, ulikuwa mahali penye watu. Hata wataalamu walijifunza kwa wenyeji. Ile hewa nzito inayotoka ardhini na kuua wanyama na watu kwenye mashimo, watu wa Goma wanaiita mazuku, na leo wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanaiita vilevile.

Kwetu pia, mgeni anayetaka kuona miti na vikapu vya Wagenia katika maporomoko anasalimia wenyewe kwanza. Wengine wanasema ni mambo ya makuta tu. Sisi tunaona kuna adabu ndani yake: maji yale ni kazi ya mtu, na yamekwisha kuchukua ndugu zake. Ukishamsalimia, hata ukishangaa, unashangaa pamoja naye.

Kiongozi wa Kibati alitulinda miguu, na alifanya vizuri. Macho hakupewa kuyalinda. Hiyo ilikuwa kazi yetu.

Matembezi ya Nyiragongo yalisimamishwa mwaka 2020. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, watu wapata thelathini wakafa, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Safari hii tulipiga simu, na swali letu la kwanza lilikuwa: mama uko wapi? Alikuwa Sake pamoja na jirani zake. Mambo ya moto hatukumuuliza. Alituambia mwenyewe.

Wanafunzi wakituuliza kama ni vibaya kwenda kuona volkano, tunawajibu: njia ikifunguliwa nendeni, lakini salimieni walio chini kabla ya kupanda juu. Macho hayana pazia, kweli. Ndiyo maana mdomo unapaswa kutangulia kusema pole.