Ijue Redio Yako Inavyokatika

Mwanangu, nimeiona redio mpya uliyogawiwa kwenye kikosi chenu cha zimamoto. Ni nyepesi, ni ya dijitali, sauti yake safi. Nafurahi nawe. Lakini keti kidogo unisikilize kabla hujaiamini.

Ulikuwa mdogo wakati wa televisheni za analojia. Mawimbi yakipungua kioo kilijaa chenga, lakini mtangazaji tulimwona. Ilipokuja dijitali, picha ikawa safi. Mawimbi yakipungua, inaganda na kupotea. Redio nazo ndivyo zilivyo. Yangu ya zamani ilikwaruza nilipozama ndani ya jengo, nikajua nisogee dirishani. Yako huenda isikuonye hivyo. Itasikika vizuri, kisha kimya.

Halafu kuna kelele. Redio ya dijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, na kinachofanya kazi hiyo kimeundwa kwa ajili ya sauti ya mtu. King'ora cha mtungi wa hewa kikilia, au msumeno ukinguruma karibu, maneno yako huweza kuvurugika yasieleweke. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2008 yalionyesha kuwa katika baadhi ya kelele za motoni analojia ilieleweka vizuri zaidi. Tangu hapo dijitali imeboreshwa, nami siipingi. Inaonyesha ni nani anayeita, na hilo ni jambo kubwa mtu anapokwama.

Wala usidhani ya zamani ilikuwa mkombozi. Machi 2001, zimamoto wa New York walirudisha redio mpya za dijitali baada ya mwenzao aliyekwama kwenye nyumba huko Queens kuita bila kusikika. Wakarejea kwenye analojia. Septemba 11 mwaka huohuo, ndani ya majengo marefu ya mji huo yaliyoshambuliwa, analojia nayo iliwaangusha. Amri ya kutoka haikuwafikia baadhi yao. Zimamoto 343 walikufa siku ile. Sababu zilikuwa nyingi, redio ilikuwa mojawapo.

Ujana una haraka, mwanangu. Mimi nilikuwa nabonyeza na kusema papo hapo, neno la kwanza likamezwa. Ukisema "msiingie", wenzako wakasikia "ingie", utafanyaje? Bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme. Sogeza kipaza sauti karibu kabisa na barakoa, ukikinge na kelele kwa mwili wako. Sema machache. Aliyepokea ayarudie, nawe usikie alivyoelewa. Mkiwa ndani, tumieni masafa ya redio kwa redio, msitegemee mnara ulio mbali.

Na kabla ya moto wowote, mwombeni mkuu wenu mwende na redio hizo kwenye majengo marefu ya mjini. Shukeni hadi chini kabisa, mmevaa barakoa, mkiitana kila ngazi. Andikeni sauti inapokatikia. Fanyeni hivyo wiki hii, mwanangu.